Pijo Iliyokunywa Amonia

Miaka sita Mideva alikuwa kaimu. Hebu lifikirieni kwanza hilo neno. Mtu hukaimu wiki mbili, mwenye kazi akiwa likizo; hukaimu miezi mitatu, mwenye kazi akiwa mgonjwa. Lakini mzee Nalianya, opareta wa mashine za barafu, alistaafu mwaka wa tisini akarudi kwao Bungoma, akalima mahindi, akaoza mabinti wawili, akapata na wajukuu, na Mideva bado ni kaimu. Kaimu aliyefungua koki alfajiri. Kaimu aliyesoma presha kila baada ya saa tatu. Kaimu aliyefuatwa kanisani Jumapili, kitambaa cheupe kichwani, eti kompresa imeanza kukohoa. Na kwenye karatasi za mshahara aliandikwa mfagiaji, kwa maana ndivyo alivyoingia kiwandani mwaka wa sabini na tisa, na ufagio mkononi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, pale Indastria, eneo la viwanda, mwendo wa miguu kutoka nyumba za reli za Makongeni alikoishi Mideva na mumewe, fundi wa mabehewa. Kazi ya kiwanda ilikuwa kugandisha maji yawe mabonge ya barafu ya kuuzia wachuuzi wa samaki wa soko la Gikomba. Kilichogandisha maji hayo ni amonia, gesi inayozungushwa ndani ya mabomba ya chuma. Amonia ikivuja, macho yanawaka, koo linafunga, na wanaume wenye ndevu zao wanatimka wakiacha viatu. Mideva hakutimka. Nalianya alikuwa amemfundisha kulowesha leso na kujifunga puani, asimame upande upepo unakotoka, kisha awashe njiti iliyochovywa kwenye salfa na kuipitisha polepole juu ya mabomba. Penye tundu, moshi wa njiti unageuka mzito, mweupe kama maziwa. Kwa njiti hiyo mama huyu alikuwa amepata matundu ambayo mainjinia wenye tai walikuwa wameyapita wakizungumza habari za mpira.

Sasa, mwezi wa Agosti mwaka wa tisini na sita, mwenye kiwanda alimwita ofisini. Mzee Wehliye Awale hakuwa mtu mbaya. Alilipa mshahara tarehe ipasayo na hakumpigia mtu kelele. Alimwambia Mideva kwa upole kwamba ameshapata opareta, kijana Msomali kutoka Mombasa mwenye diploma, ataripoti Jumatatu ya wiki ya pili. Akamshukuru kwa kushikilia. Halafu akaongeza kwamba kijana huyo hajawahi kushika mashine za aina ile, kwa hiyo Mideva amwonyeshe taratibu, wiki tatu nne hivi, mpaka azoee.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kunyimwa kazi, Mideva alishazoea. Lakini kumfundisha mtu kazi yako ili akunyang'anye, na bado ushukuriwe, hilo lilimkaa kooni. Alisimama pale mbele ya meza, mikono imeshikana nyuma, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Huyo wa diploma," alisema, "anaweza kuendesha gari kwa amonia?"

Mzee Wehliye akamtazama kama mtu aliyesikia mlango ukizungumza. Akauliza ni nani anayeweza kitu kama hicho. Mideva akajibu kwamba yeye anaweza.

Msidhani alikuwa anapiga chuku. Ni Nalianya aliyemwambia, miaka hiyo, kwamba katika kitabu kimoja cha zamani cha mashine alisoma habari za mabasi ya Ubelgiji yaliyoendeshwa kwa amonia wakati wa vita, dizeli ilipoadimika. Wengine wangesikia wakasahau. Mideva alilala na wazo hilo, akaamka nalo. Na mwaka uliotangulia, kiwanda kilipoizima mashine kuukuu namba mbili na amonia yake kufungiwa kwenye mitungi nyuma ya stoo, aliomba mtungi mmoja wa kufanyia majaribio. Mzee Wehliye alitia sahihi bila hata kusoma, akifikiri ni sabuni ya kufulia magunia.

Mwenzake katika jambo hilo alikuwa Phares Lusweti, jirani yake, fundi wa magari mwenye gereji ya mabati kando ya Jogoo Road. Kijana wa miaka thelathini, mdomo mwingi, mikono ya dhahabu. Walianza na injini ya mashine ya kusagia unga, wakahamia kwenye Pijo ya kiwanda, ile pikapu ya 404 iliyokuwa imeegeshwa zaidi kwa kukosa petroli kuliko kwa ubovu. Miezi minane injini iliwakatalia. Amonia ni kitu kizito kushika moto. Unaipa cheche, inakutazama tu. Mwishowe Mideva akaona njia. Injini iwashwe kwa petroli kidogo mpaka ekzosi ipate moto mkali. Amonia ipitishwe kwenye bomba lililozungushwa ekzosi na kujazwa chembe za chuma, ipashwe mpaka sehemu yake ivunjike na kuwa gesi nyepesi inayoshika upesi, na hiyo ndiyo iwashe iliyobaki. Siku injini iliponguruma dakika kumi nzima petroli ikiwa imefungwa, Phares alijitupa chini kwenye mafuta machafu akapiga mapaja kwa kucheka. Mideva hakucheka. Alikwenda nyuma ya gari, akainamia ekzosi, akaona hakuna moshi, maji tu yanadondoka. Alijisikia mrefu siku hiyo, na bado hakumwambia mtu.

Basi Mzee Wehliye akamsikiliza mpaka mwisho, akiviringisha tasbihi. Kisha akatoa sharti lake. Jumamosi ya kabla ya huyo kijana kuja, Pijo ipakiwe barafu, iende Gikomba, ishushe, irudi, kwa amonia. Petroli iwe ya kuwashia tu. Ikifanya hivyo, basi anayeijua amonia kiasi hicho ndiye opareta wake. Isipofanya, Mideva atamwonyesha kijana mashine na hatalalamika. Na kwa kuwa yeye mwenyewe atakuwa na wageni, dada yake mkubwa, Mama Mumina, atapanda humo garini awe shahidi. Watu wote wa kiwandani walimjua Mama Mumina. Huyo hakuwahi kumsifu mtu kwa kumpendeza, wala kumficha mtu kwa kumwonea haya, hata ndugu yake wa tumbo moja.

Jumamosi ikafika. Mabonge yakapangwa nyuma ya Pijo, yakafunikwa maranda na magunia, mtungi wa amonia ukafungwa kwa mnyororo kando yake. Mama Mumina akapanda na jilbabu yake ya kahawia na saa ya mkononi aliyoivaa juu ya mkono wa nguo. Mideva akakaa katikati, Phares kwenye usukani. Injini ikawashwa kwa petroli kutoka kwenye chupa ya lita moja iliyofungwa kando ya kabureta. Baada ya dakika tano Mideva akashuka, akafunga petroli, akafungua amonia robo mzunguko. Injini ikashtuka, ikatetemeka, ikataka kuzima, halafu ikatulia na kuanza kunguruma kwa sauti nene. Phares akaingiza gia. Wakatoka getini huku wapakizi wakiwapungia kofia.

Mnajua jinsi kifua kinavyojaa? Pijo ilipopita Makongeni, majirani wametoka kando ya barabara, wanawake wa kanisa, mafundi wa reli, mume wake mwenyewe na ovaroli yake amesimama kama yuko kwenye gwaride. Griffins, mwanawe aliyekuwa akirudi chuo kikuu wiki hiyo, aliinua mikono yote miwili. Mideva alitazama mbele tu, shingo imenyooka, lakini ndani alikuwa akiimba. Gari limepanda mlima mdogo wa Jogoo Road na barafu nusu tani mgongoni, nyuma yake hakuna moshi, na hicho kinacholisukuma ni kitu ambacho kwa miaka kumi na saba watu walimwambia ni sumu tu.

Walikuwa wamebakiza kama nusu kilomita kufika Gikomba alipoisikia harufu. Kidogo tu, kwenye ncha ya pua. Phares hakuisikia. Mama Mumina hakuisikia. Mideva alimwambia Phares aegeshe, sasa hivi, na azime. Kabla gurudumu halijatulia harufu ilikuwa imetanda. Wauza mitumba wa kando ya barabara wakashika pua wakatawanyika kama wameona askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, mmoja akipaza sauti kuuliza ni nani aliyepasua choo. Mideva alimshusha Mama Mumina, akamwelekeza upande wa upepo, akalowesha leso kwa maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye barafu, akajifunga puani akarudi peke yake. Akafunga mtungi. Akangoja gesi ipepee. Kisha, gesi iliyobaki ndani ya bomba ikiwa bado inapenya kidogo, akatoa njiti ya salfa mfukoni, akaiwasha, akaanza kuipitisha juu ya bomba, kutoka kwenye mtungi kwenda mbele.

Moshi uligeuka maziwa mahali pamoja tu, pale bomba lilipoungana na koki ya mbele. Akainama. Kiungo kilikuwa cha shaba. Kipya, kinang'aa, kimesuguliwa mpaka unaweza kujitazama, na kina ufa mwembamba kama unywele.

Sasa hapa ni lazima mumwelewe Phares, ingawa Mideva kwa wakati ule hakutaka kumwelewa. Kwa mafundi wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya jiji, shaba ni heshima. Bomba la shaba ndilo la mteja mzuri. Chuma cheusi ni cha kubahatisha. Mideva alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba amonia na shaba havikai pamoja, inaitafuna mpaka ipasuke, kwa hiyo kila kitu kiwe chuma. Phares akaelewa ni mabomba tu. Lakini Jumatano, siku tatu kabla ya safari, aliitazama kazi yao, akaiona mbaya, nyeusi, ina kutu, na siku kubwa inakuja, mama mkubwa wa watu atapanda. Akatafuta kiungo kimoja kizuri cha shaba, akakisugua jioni nzima kwa majivu na ndimu, akakifunga bila kusema, iwe zawadi. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Mideva aliyajua hayo yote mara tu alipokiona, na bado alitamani kumzaba kofi.

Phares naye aliuona moshi mweupe. Akasogea karibu, akainamisha kichwa.

"Mathe, nimekuangusha," alinong'ona. "Lakini cheki, chupa ya petroli bado imejaa. Tukiitumia hiyo tunafika na tunarudi. Huyu mama hajui kitu. Nani atajua?"

Hapa tusimfanye Mideva malaika. Aliipima ile chupa kwa macho. Ilitosha, tena ingebaki. Alimfikiria kijana wa Mombasa akiwa amesimama na kalamu, akiuliza hii koki ni ya nini na ile ni ya nini. Aliyafikiria maneno ya Mzee Wehliye, nakushukuru kwa kushikilia. Moyo wake ulisema ndiyo, mara mbili. Kisha akaiona akilini ile Pijo ikipita tena Makongeni, watu wakipunga mikono, mumewe amesimama vile vile, na yeye ndani yake akijua ni petroli. Wazo hilo lilimchefua kuliko amonia. Alifungua leso usoni, akamwendea Mama Mumina.

"Mama, gari limevuja," alisema. "Kosa ni letu, si la amonia. Petroli ipo ya kutufikisha na kuturudisha, lakini hayo siyo tuliyopatana. Nikipata kiungo cha chuma nitatengeneza. Nisipopata, nimeshindwa, na wewe utasema hivyo."

Mama Mumina alitazama saa. Akauliza itachukua muda gani. Mideva akasema nusu saa. Mama akauliza kama barafu itangoja. Mideva akasema itangoja, ameifunika mwenyewe. Basi yule mama akavuta kasha la soda lililokuwa tupu, akakaa, akakunja mikono.

Mideva alikwenda mbio mpaka kwa wauza vyuma chakavu, hatua chache kutoka barabarani. Pale alikuwapo mama mmoja mnene, Waruguru, amekaa juu ya kilima cha gia na chemchemi za malori. Mideva hakuomba kiungo tu. Aliomba cha lori la kumwaga mchanga, kile cha bomba linaloinua bodi, kwa sababu hicho ni chuma kitupu na kimezoea presha. Waruguru alimtazama nguo yake iliyolowa, akamuuliza fundi wake yuko wapi. Mideva akajibu kwamba fundi ndiye huyu anayezungumza naye. Waruguru akacheka, akashuka kutoka kilimani kwake, wakachambua pamoja. Cha kwanza nyuzi zake zilikuwa nene. Cha pili kilikuwa kimeliwa. Cha tatu kiliingia kwenye koki kama kilizaliwa nayo. Malipo yake, Waruguru alitaka kipande cha barafu cha kutia kwenye maji ya kunywa, akapewa kikubwa cha kumtosha mchana kutwa.

Phares alitaka kukifunga. Mideva akamnyang'anya spana. Alifunga mwenyewe, amelala chali chini ya Pijo kwenye matope ya Gikomba, na watu wamejaa kutazama, wengine wakimtania kwamba mumewe amemfukuza jikoni. Alizungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi, akakaza, akakaza tena. Akatoka, akafungua mtungi kidogo, akawasha njiti ya pili. Akaipitisha mara moja. Akaipitisha tena, taratibu, pale pale. Moshi ulibaki wa kawaida, mwembamba na wa bluu. Phares alipumua kama mtu aliyetolewa majini.

Wakawasha kwa petroli, dakika tano, wakafunga, wakafungua amonia. Injini ikakubali. Wauza samaki waliwapokea kwa matusi ya kuchelewa, kisha wakanyamaza walipofunua magunia wakakuta mabonge bado magumu na makali pembeni. Phares alirudi akiendesha kimya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Walipopita Makongeni watu walikuwa bado wapo, na safari hii Mideva alitoa mkono dirishani.

Mzee Wehliye aliwangoja ofisini pamoja na wageni wake. Mideva alisimama mlangoni, matope mgongoni, harufu ya salfa kwenye nywele zote. Mama Mumina alikaa kwanza, akanyoosha jilbabu yake magotini. Ndugu yake akamuuliza kama gari limekwenda na kurudi bila tatizo.

"Lilisimama," Mama Mumina alisema.

Wageni wakatazamana. Phares, aliyekuwa nje dirishani, alifumba macho. Mzee Wehliye akamgeukia Mideva kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma Mideva kuliko kitu chochote siku hiyo.

"Ngoja, sijamaliza," yule mama aliendelea. "Lilisimama, na kulikuwa na petroli ya kunidanganya nayo. Mimi nisingejua, naapa kwa Mungu nisingejua. Akaja akaniambia. Watu walikimbia, yeye akaingia peke yake. Akatafuta tundu kwa moshi, akatafuta chuma, akalala kwenye matope akafunga kwa mikono yake, dakika ishirini na sita, nimehesabu. Halafu tukaenda kwa amonia na tukarudi kwa amonia. Wehliye, gari lisiloharibika hata mimi naweza kulisimamia. Wewe unatafuta mtu wa siku litakapoharibika."

Mzee Wehliye aliiweka tasbihi mezani. Kisha akavuta simu, akazungusha namba nyingi za mbali, akangoja, akaanza kuzungumza Kisomali kwa sauti ya chini, na adabu nyingi, kama mtu anayeomba radhi. Mideva hakuelewa hata neno moja. Alimtazama Mama Mumina, na kwa mara ya kwanza siku nzima yule mama alimtazama na yeye machoni.

"Anamwambia yule kijana asisafiri," alisema. "Anamwambia alikosea, kazi hii ina mwenyewe."

Mideva alifungua mdomo ashukuru, lakini badala ya shukrani kikatoka kicheko, kikubwa, cha tumbo, kile ambacho miezi minane alikuwa amekizuia, na nje dirishani Phares akakipokea. Alicheka mpaka machozi yakamtoka mbele ya wageni wa watu. Kisha akayafuta kwa mkono wenye matope, akaomba ruhusa, akatoka kwenda chumba cha mashine, kwa sababu saa tisa ilikuwa imeshagonga na presha haijasomwa.